Hija ya Wainka: Tambiko lina bei, nani anavuna?

BIDHAA moja inayouzwa Cusco, mji wa kusini mwa Peru uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka, haipimwi kwa kilo wala kwa mita. Mteja huilipia kabla hajaiona, huvuka bahari kuifuata, na hurudi kwao mikono mitupu akisema amepata alichokitaka. Bidhaa hiyo ni safari ya kiroho: siku kumi hadi kumi na nne chini ya kiongozi maalumu, kutoka jiwe takatifu moja hadi jingine, huku wazee wa milimani wakifanya matambiko njiani.

Bei yake katika masoko ya Marekani na Ulaya, ambako wateja wengi hutoka, kwa kawaida ni kati ya dola 3,000 na 5,000 kwa kichwa, nauli ya ndege ya kimataifa ikiwa mbali. Mtalii wa kawaida anaweza kuyaona mawe hayo hayo, akipanda treni hiyo hiyo, kwa fedha pungufu kabisa. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo faida inayogombewa, na mgawo wake unaonyesha mengi kuhusu nani hasa anamiliki utakatifu.

Soko lenyewe si la zamani. Wainka hawakuacha vitabu wala hawakujua habari za watalii. Waliolitengeneza soko hili ni waandishi wa Marekani. Mwaka 1983 mcheza filamu Shirley MacLaine alichapisha kitabu cha Out on a Limb, ambamo safari yake ya kutafuta mambo ya roho inamfikisha hadi milima ya Peru. Mwaka 1987 kikawa mchezo wa televisheni. Hata hivyo, miaka hiyo Peru ilikuwa vitani na waasi wa Sendero Luminoso, na wageni waliiogopa. Kiongozi wa waasi hao, Abimael Guzmán, alikamatwa Septemba 1992. Mwaka uliofuata James Redfield akatoa riwaya ya The Celestine Prophecy, inayozungumzia hati ya kale iliyofichuliwa Peru. Hati hiyo ni ya kubuni tupu, lakini kitabu kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala, na baadhi ya wasomaji wakaenda kukata tiketi. Ni nchi chache zilizowahi kupata tangazo la namna hiyo bila kutoa hata senti moja.

Wakati mahitaji yanapanda, mali ghafi ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1955 mwanaanthropolojia Oscar Núñez del Prado wa chuo kikuu cha Cusco aliongoza msafara hadi kwa watu wa Q'ero, wafugaji wa alpaka na wakulima wa viazi wanaoishi juu sana katika wilaya ya Paucartambo. Wakati huo walikuwa bado wakitumikishwa na bwana shamba. Msafara ulikuta jamii iliyotunza mila ambazo kwingine zilikuwa zimefifia, pamoja na wazee wa tambiko waitwao paqo. Mwanawe Oscar, Juan, naye mwanaanthropolojia, baadaye alianza kuwafundisha wageni ibada alizojifunza kwa wazee. Kuanzia hapo jina la Q'ero likawa kama chapa ya ubora. Leo ni nadra kuona tangazo la safari ya kiroho ya Cusco ambalo halikulitaja.

Mteja anapata nini?

Ratiba za safari hizi hufanana. Mgeni hutua Cusco, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari, hunywa chai ya majani ya koka ili kichwa kitulie, kisha hupelekwa Coricancha, lililokuwa hekalu la jua. Dhahabu yake ilibanduliwa mwaka 1533 kulipia fidia ya Atahualpa, mfalme aliyetekwa na Wahispania, ambao walimuua hata baada ya kupokea mali hiyo. Watawa wa Kidominika walijenga nyumba yao juu ya kuta zile. Tetemeko la mwaka 1950 liliporomosha sehemu kubwa ya jengo la watawa, lakini kuta za Wainka hazikutikisika. Viongozi wa safari hupenda kusimama hapo muda mrefu, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Kutoka hapo ni Sacsayhuamán, yenye mawe ambayo makubwa zaidi yanakadiriwa kupita tani 100, kisha bonde la mto Urubamba lenye Pisac, Moray na Ollantaytambo, na mwisho Machu Picchu, iliyojengwa karne ya 15 wakati wa mfalme Pachacuti. Kwa kuangalia tu, hiyo ni ziara kama nyingine yoyote.

Kinachoigeuza kuwa hija ni tambiko, ambalo wenyeji huliita despacho. Mzee hutandaza karatasi, akapanga juu yake majani ya koka matatu matatu, mafuta ya lama, mbegu, peremende, nyuzi za rangi na vitu vingine vyenye maana yake. Kila mshiriki hupuliza dua zake kwenye majani aliyopewa. Mzigo hufungwa, ukachomwa au kuzikwa, uwe chakula cha Pachamama, yaani Mama Dunia, na cha apu, mizimu ya milima. Msingi wa yote ni ayni, neno la Kikechua linalomaanisha kupeana kwa zamu: leo wewe unalima kwangu, kesho mimi nalima kwako. Ardhi imekulisha, nawe uilishe.

Neno hilo la ayni linapatikana karibu katika kila karatasi ya matangazo ya safari hizi. Basi ni haki kulipima kwa hesabu.

Chukua mfano wa kundi la watu 12 waliolipa dola 4,000 kila mmoja. Jumla ni dola 48,000. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2024, kiingilio cha Machu Picchu kwa mgeni mtu mzima kilikuwa soli 152, kama dola 40. Tiketi ya pamoja ya maeneo mengine ya kale ya Cusco ilikuwa soli 130, kama dola 35. Basi la kupanda na kushuka mlima ni dola 24. Treni ya watalii, kwenda na kurudi, tuiweke dola 140, ingawa yapo mabehewa ya anasa yanayozidi hapo mara kadhaa. Kwa watu wote 12 mambo hayo manne hayafiki dola 2,900, yaani asilimia sita ya mapato. Ongeza hoteli nzuri, chakula, gari la kukodi na mwongozaji mwenyeji mwenye leseni. Bado fungu linabaki.

Wazee wa paqo hulipwa kwa siku au kwa tambiko. Tambiko la faragha mjini Cusco huuzwa kwa mteja kwa makumi ya dola, au mia na ushee, kwa kikao kizima, na wakala hukata chake kabla fedha haijamfikia mzee. Kiongozi wa kundi, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa yoga au mganga wa tiba mbadala kutoka Ulaya au Marekani, husafiri bure kwa desturi ya biashara hii na huchukua ziada yake juu. Hilo si wizi. Yeye ndiye mwenye orodha ya wateja, ndiye wanayemwamini, na bila yeye kundi lisingekusanyika. Lakini mtu aliyezoea kusoma bei za kahawa, ile inayolipwa shambani na ile ya kikombe kule inakonywewa, hatashangaa akionyeshwa mgawo huu.

Mlango mmoja, kufuli tatu

Udhaifu wa bidhaa hii uko kwenye usafiri. Mji mdogo ulio chini ya Machu Picchu haufikiki kwa barabara kutoka Cusco. Mtu hupanda treni au huenda kwa miguu. Reli ilikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1999. Ipo treni ya wenyeji ya bei ya chini, lakini mgeni haruhusiwi kuipanda. Ukishuka treni kuna basi, na ukishuka basi kuna lango lenye idadi maalumu ya watu kwa siku. Idadi hiyo iliongezwa mwanzoni mwa 2024 ikawa 4,500, na kufika 5,600 katika siku chache za msimu mkubwa.

Kila kufuli ina wenyewe, na kila mmoja ameshajifunza kwamba akifunga yake, dunia nzima itasikia. Januari 2023, katika machafuko yaliyofuata kuondolewa kwa rais Pedro Castillo mwezi Desemba 2022, Machu Picchu ilifungwa hadi katikati ya Februari. Januari 2024 wakazi waligoma na kuziba reli kwa siku kadhaa kupinga uuzaji wa tiketi kupewa kampuni binafsi, na serikali ikakubali kuuvunja mkataba. Septemba 2025 mkataba wa miaka 30 wa mabasi ulifikia mwisho, ukazuka ugomvi wa nani arithi njia ile. Reli ikazibwa, watalii wapatao 1,400 wakaondolewa kwa shida na wengine karibu 900 wakakwama. Hapo hatujataja mafuriko ya Januari 2010, yaliyokata reli na kulifunga eneo hilo hadi Aprili mosi mwaka huo.

Mtalii wa kawaida akifungiwa lango husogeza tarehe. Msafiri wa kiroho hana nafasi hiyo, kwa sababu tarehe ni sehemu ya bidhaa aliyonunua. Ameahidiwa kuwa juu ya jiwe fulani siku ya mwezi mpevu, au siku jua linapogeuka mwezi Juni. Na Juni ndiyo mwezi ambao Cusco imejaa pomoni: kuna sikukuu ya Corpus Christi, na tarehe 24 kuna Inti Raymi, sherehe ya jua iliyofufuliwa mwaka 1944 na sasa ni maonyesho makubwa ambayo viti vyake huko Sacsayhuamán huuzwa kwa dola nyingi, wakati wenyeji wakijipanga bure kwenye vilima vya jirani na sufuria zao za chakula. Kiongozi wa safari amekwisha lipa amana za hoteli miezi kadhaa kabla. Treni isipokwenda, hasara ni yake, na mwezi mpevu haurudishiwi fedha.

Lipo na jambo la kuchekesha kidogo. Kanuni za kutembelea Machu Picchu zinakataza shughuli zinazopotosha hadhi takatifu ya mahali pale, na katika orodha yake mambo ya kiroho yamewekwa kapu moja na maonyesho ya mavazi na ngoma. Mgeni hufuata njia iliyopangwa, kwa saa aliyoandikiwa kwenye tiketi, na hawezi kurudi nyuma. Hivyo kilele cha hija, ambacho ndicho kilichopigwa picha kwenye tangazo, ndipo mahali ambapo ibada haifanyiki. Walinzi wana sababu. Mwaka 2000, katika upigaji wa tangazo la bia, winchi iliangukia Intihuatana, jiwe ambalo wageni wengi huliona kuwa takatifu kuliko yote pale, na kulimega pembe. Tangu hapo ukali umeongezeka. Tambiko limehamia kwenye bustani za hoteli za bondeni, kwenye mapango na miamba ya vilima vya juu ya Cusco, au kando ya maziwa yaliyo mbali na lango lolote.

Waliojiwekea lango

Si kila mwenyeji ameachwa nje. Huko Maras kuna vidimbwi vya chumvi zaidi ya 3,000 vilivyochongwa kwenye ubavu wa mlima, na chemchemi moja ya maji ya chumvi huvijaza vyote. Vidimbwi hivyo ni mali ya familia za vijiji vya hapo. Wana kampuni yao, wanauza chumvi, na kiingilio cha wageni wanatoza wenyewe. Hakimo katika tiketi ya pamoja ya serikali.

Mfano wa pili unavutia zaidi. Mlima Vinicunca, wenye mistari ya rangi kama kanga, haukujulikana na wageni hadi miaka ya 2010. Jamii ya Pampachiri, wafugaji wa alpaka waliokuwa wakihama kwa sababu bei ya sufu ilikuwa imeporomoka, iliweka lango na kutoza kama dola tatu kwa kila mgeni. Mwaka 2018 iliripotiwa kuwa wanapata kiasi cha dola 400,000 kwa mwaka. Mwaka huo huo ikafahamika kuwa kampuni ya madini ya Kanada imeomba haki ya kuchimba eneo linalouhusu mlima huo. Baada ya kelele nyingi ikaachia. Dola tatu ni bei ndogo kuliko kikombe cha kahawa cha uwanja wa ndege. Lakini zinapokelewa na mwenye mlima, papo hapo, na hakuna wakala anayesimama katikati.

Watu wa Q'ero hawana lango la namna hiyo. Vijiji vyao viko mbali, na mgeni anayefika huko ni mmoja mmoja. Mali yao ni maombi, na maombi hayawekewi uzio. Mzee akishuka hadi Cusco kutafuta kazi, na wengi wamehamia huko wakifuata kipato na shule za watoto, anakutana sokoni na mshindani aliyevaa poncho kama yake, aliyejifunza maneno machache ya Kikechua cha ibada, na ambaye wakala anampata kwa bei nafuu zaidi. Mteja kutoka ng'ambo hana jinsi ya kutofautisha. Chapa imepata thamani, lakini wenye jina hawakuwahi kuisajili.

Bidhaa nayo inachanganywa. Safari nyingi za “Wainka” siku hizi zinatia ndani usiku wa kunywa ayahuasca. Kinywaji hicho ni cha watu wa misitu ya Amazon, na serikali ya Peru ilikitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2008 kwa heshima ya jamii hizo. Kukinywa chini ya mlima wa Cusco mbele ya mzee wa Q'ero ni kama kuuza tende za Uarabuni kwenye gunia lililoandikwa korosho za Mtwara. Tena kina hatari kwa mtu anayetumia dawa fulani za msongo wa mawazo, jambo ambalo kiongozi makini huuliza kabla ya kupokea amana.

Mlima unaopungua

Ipo hija nyingine katika mkoa huo huo ambayo haihitaji wakala. Kila mwaka, majuma machache baada ya Pasaka, makumi ya maelfu ya watu hupanda hadi bonde la Sinakara, chini ya barafu ya mlima, kwa sikukuu ya Qoyllur Rit'i. Bwana Yesu na apu husaliwa pamoja, na hakuna anayeona ajabu. UNESCO iliiandika katika orodha yake ya urithi mwaka 2011. Vijana waitwao ukuku, waliovaa kama dubu, walikuwa wakipanda usiku hadi kwenye barafu na kushuka alfajiri na mapande yake mgongoni, kwa kuwa maji yake yaliaminika kuponya. Desturi hiyo imeachwa. Barafu inarudi nyuma, na wenyewe waliona haifai kuichukua tena.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo haimo katika bei ya safari yoyote. Peru imepoteza zaidi ya nusu ya eneo la barafu yake tangu miaka ya 1960. Kwa mfugaji wa Q'ero au wa Pampachiri barafu ni malisho: maji yanayotiririka kutoka juu ndiyo yanayooteshea alpaka majani wakati wa kiangazi. Maji yakipungua mifugo hupungua, na mfugaji hushuka Cusco. Idadi ya wazee wa tambiko wanaotafuta wateja mjini huongezeka, na bei ya tambiko inashuka.

Soko moja bado linamlipa mzee bila kupitia Marekani. Mwezi wa Agosti, ambao watu wa milima hiyo huuona kuwa ndio Mama Dunia anafungua kinywa, vibanda vya soko la San Pedro mjini Cusco hujaa vifurushi vya despacho vilivyokwisha fungwa: cha afya, cha safari, cha mapenzi, cha biashara. Wanunuzi ni wenye maduka, madereva wa teksi na wajenzi wanaotaka kuanza msingi wa nyumba. Hawa hawahitaji kuelezwa ayni ni nini, na mzee wa paqo wanamfahamu kwa jina na kijiji chake. Wanapatana bei pale pale kibandani, kwa soli, na kifurushi cha biashara ndicho kinachotoka haraka.